Msumari Ndani ya Chetezo

Msumari wenyewe ulikuwa mdogo, wa kupigilia visanduku, na kichwani una kutu. Lakini Bi Swee Lan alipouinua kwa vidole viwili ukumbi mzima ulinyamaza, na sisi si watu wa kunyamaza.

"Haya," alisema. "Nani ataniambia ni udi gani siku hizi unaota misumari?"

Ilikuwa Jumapili, saa nane na nusu mchana, Sheffield, Uingereza, na nje mvua. Tulikuwa katika ukumbi wa kanisa tunaoukodi kila baada ya wiki mbili, tukiingia baada ya akina mama wa mazoezi na kutoka kabla ya maskauti. Hekalu hatuna. Tangu wazee wetu walipotoka Penang, kisiwa cha Malaysia, hatujawahi kuwa nalo. Tuna meza ya kukunja, tuna sanamu ya Bwana Tabibu, mungu wetu wa uponyaji, na tuna chetezo cha shaba chenye majivu ya udi. Majivu hayo ndiyo hekalu letu. Yalichotwa katika hekalu la kule nyumbani, yakaja ndani ya kopo la maziwa ya unga, mapajani mwa marehemu mama yake Khoo Teng Siang, mwaka wa sabini na moja. Mama yule alibadilisha ndege tatu na hakupata hata lepe la usingizi. Wasiotujua hudhani tunaiabudu sanamu. Sanamu ikivunjika unachonga nyingine. Majivu yakipotea umebaki na bakuli tu.

Udi hatuuwashi pale ukumbini. Bwana Pickering, msimamizi, ana king'ora cha moshi darini, na ulimi wake ni mkali kuliko king'ora. Kwa hiyo tunachomeka vijiti vikavu ndani ya majivu, tunaomba, kisha tunavichomoa tukaviwashe kila mtu kwake. Siku hiyo kijiti cha Bi Swee Lan kiligonga kitu kigumu. Badala ya kukihamisha, akazamisha ukucha.

"Usichimbe!" Teng Siang alimkemea. "Chetezo hakichimbwi!"

"Sikukichimba, mzee. Kimenitemea chenyewe."

Bwana Yeap, kasisi wetu, ambaye siku za kazi ni fundi umeme, aliyafikicha majivu kati ya kidole gumba na cha shahada. Akayanusa. Akayafikicha tena.

"Haya ni ya kuni," alisema taratibu, kama mtu anayeogopa kusikika. "Juu kuna ya udi kidogo. Chini ni ya kuni."

Mimi ndiye mpiga ngoma, hukaa pembeni na ngoma yangu niliyoifunika blanketi isiwaudhi majirani, na kutoka pale niliona shingo arobaini zikigeuka kwa pamoja. Hazikumgeukia Teng Siang, ambaye kwa miaka mitatu mfululizo ndiye Mwenye Chetezo, anayekaa na mungu nyumbani kwake. Hazikumgeukia mkewe Gaik Hoon. Zilimgeukia mkwe wao Heather, Mwingereza, aliyekuwa amesimama mlangoni amembeba bintiye wa miaka miwili, mtoto ambaye kifua chake hulia filimbi akisikia harufu ya moshi.

"Sisemi kitu," alisema Bi Swee Lan. "Ila nyumba ina mtu asiyependa moshi, na majivu ya moshi yametoweka. Mwenye macho haambiwi tazama."

Kasisi alikata shauri. Baada ya wiki mbili ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwake Bwana Tabibu. Siku hiyo tungemuuliza mwenyewe. Ikithibitika kwamba nyumba ya Khoo ndiyo iliyopoteza majivu, chetezo kitahama, na jina la Khoo litafutwa katika orodha ya wanaopigiwa vibao vya kumchagua Mwenye Chetezo. Halitarudi.

Teng Siang aliinama akakifunika chetezo kwa kitambaa chekundu. Mikono yake, iliyoendesha basi miaka thelathini katika vilima vya mji huu bila ajali, ilikaza fundo mara mbili.

Siku zote humrudisha mungu nyumbani kwa gari lake, amemkalisha kiti cha nyuma na kumfunga mkanda, Gaik Hoon pembeni na chetezo mapajani, Heather na mtoto mbele. Siku hiyo alifungua mlango wa mbele, akaufunga tena.

"Ninyi pandeni basi," alimwambia Heather bila kumtazama.

"Baba, mvua hii? Na mtoto?"

"Mabasi yana paa."

&nbsp;

Haya ya ndani ya nyumba niliyapata baadaye, mengine kwa Heather, mengine kwa Gaik Hoon, na machache, kwa shida, kwa Teng Siang mwenyewe.

Heather alifika nyumbani amelowa hadi soksi. Mume wake, Boon Leong, alikuwa kazini baharini, anatengeneza mitambo ya upepo, na asingerudi kabla ya mwezi kwisha. Kwa hiyo alisimama peke yake mbele ya baba mkwe, kwenye zulia, maji yakimtiririka.

"Nakuuliza mara moja tu," alisema Teng Siang. "Ulikisafisha?"

"Sijakigusa, Baba."

"Si wewe uliyesema moshi unamuumiza mtoto?"

"Nilisema. Mkapunguza mpaka kijiti kimoja asubuhi na kimoja jioni, nikawashukuru. Sasa nisafishe kwa sababu gani?"

"Ile mashine ya kufyonza vumbi inakaa wapi?"

"Chini ya ngazi, Baba. Inapokaa siku zote."

Teng Siang alimgeukia mkewe. Gaik Hoon alikuwa akimpangusa Bwana Tabibu ndevu kwa kitambaa kikavu.

"Hoon, wewe uko nyumbani kutwa. Unasemaje?"

"Sijui," alisema Gaik Hoon.

Heather alimtazama mama mkwe wake. Gaik Hoon aliendelea kupangusa ndevu ambazo zilikwisha kauka.

Teng Siang alitandaza gazeti jikoni, akafungua mfuko wa mashine ya vumbi, akaanza kuuchambua kwa kijiti cha kulia chakula. Alipata kibanio cha nywele, punje za wali, kipande cha penseli ya rangi na vumbi. Vumbi alilinusa. Mtu wa miaka sitini na sita, amepiga magoti jikoni ananusa vumbi la nyumba yake, na mkwe wake anamtazama. Nani alidhalilika zaidi, sijui. Alipomaliza alifunga chumba cha mbele, alimo mungu, akautia ufunguo kwenye uzi na kuuvaa shingoni. Tangu siku hiyo alikuwa akimfungulia mkewe asubuhi na jioni awashe udi, anamsimamia kama askari jela, kisha anafunga.

Sasa niseme kweli, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kile ambacho sisi hatukukijua. Majivu aliyatoa Gaik Hoon.

Bwana Tabibu ni mungu wa uponyaji, na kwetu majivu ya chetezo chake ni dawa. Unachukua kijiko kidogo, unakoroga katika maji ya moto, mgonjwa anakunywa. Mama mkwe wa Gaik Hoon aligawa hivyo, na Gaik Hoon, chetezo kilipoingia nyumbani kwake, akafuata mlemle. Wa kwanza kugonga mlango wa jikoni alikuwa mzee Ong. Mkewe alikuwa na uvimbe. "Usimwambie mtu, dada," alisema. "Watoto hawajui." Gaik Hoon akachota, akafunga katika karatasi nyekundu, akaapa. Kisha akaja mwingine, mtoto wake haongei. Mwingine, mimba zinaharibika. Mwingine alikuwa akitapika damu na anaogopa hospitali. Kila mmoja alipita mlango wa nyuma, kila mmoja alimwapisha, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Watu wetu huona aibu kuugua kama wengine wanavyoona aibu kuiba.

Penang majivu hayaishi. Watu hufukiza kwa maelfu, chetezo hufurika, na wahudumu huyachota kwa beleshi. Hapa ni kijiti kimoja asubuhi na kimoja jioni, na ukumbini hakuna moshi kabisa. Gaik Hoon aligawa Sheffield kama mtu aliye Penang. Kosa lake ni hilo tu.

Kipupwe cha pili, kijiko kilikwaruza shaba. Aliniambia kwamba ule mlio aliusikia mpaka ndani ya meno. Jirani yao, Bwana Dawson, ana jiko la kuni, anachoma mbao za masanduku mabovu. Gaik Hoon alimwomba majivu, "ya bustani," akayapitisha kwenye chekeche la unga, akajaza chini, akatandaza juu yale machache ya udi yaliyobaki. Mara mbili alifanya hivyo. Mara ya tatu alisikia gari la mumewe likiegeshwa nje, akamimina bila kuchekecha. Ndipo msumari ukaingia.

&nbsp;

Wiki ile nyumba ya Khoo ilipata wageni wengi kuliko mwaka mzima. Huyu kaleta machungwa, yule kapita tu kusalimu, wote wakiuliza maji ya kunywa ili wapite mbele ya mlango uliofungwa. Walimtazama Heather anavyokunja nguo, anavyoosha vyombo, kama vile mwizi wa majivu ana namna yake ya kuosha vyombo. Mmoja alimsifu: "Nyumba yenu safi kweli. Mno." Heather akasema asante, kisha akaenda kulia chooni, bomba limefunguliwa.

Alhamisi alikuja Bi Swee Lan na sufuria la mchuzi wa kuku na tangawizi. Alisubiri Heather atoke na mtoto, ndipo akavuta kiti.

"Dada, nimekuja kukupa pole. Mkwe ni mtihani."

"Kula chungwa," alisema Gaik Hoon.

"Mimi nina jambo dogo." Swee Lan alishusha sauti. "Siku ya kuuliza, Yeap atauliza mengi. Nani aliingia, nani alitoka. Yale yetu... unakumbuka uliniapia."

"Nakumbuka."

"Mume wangu hajui. Nilimwambia ni dawa ya mizizi kutoka duka moja la Leeds. Akijua nilimnywesha majivu, atanisimanga mpaka kaburini. Na watu wakijua alikuwa na nini utumboni..." Alichukua chungwa. "Wewe si mtu wa kusema."

"Si mtu wa kusema," alikubali Gaik Hoon.

"Na vijiko vyenyewe vilikuwa vichache."

"Ulikuja mara tatu, Swee Lan."

"Mara tatu, ndiyo. Vijiko vitatu vinne haviwezi kumaliza chetezo kizima! Yule msichana ameyamwaga, nakwambia. Mimi moyo wangu hauna doa." Naye alikuwa anaamini hivyo, ndilo la kusikitisha. Nyani haoni kundule. Alipoinuka aliacha mchuzi na kuondoka kwa mlango wa mbele, kichwa juu.

Heather aliporudi alimkuta mama mkwe amekaa palepale, mchuzi umeganda. Alimlaza mtoto. Akafungua kabati la juu, akatoa chekeche la unga, akaliweka mezani kati yao. Pindoni, mahali ambapo waya unaingia kwenye bati, palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu usiotoka kwa sabuni.

"Nimelisugua mara mbili tangu mwaka jana, Mama," alisema. "Nilidhani ni desturi yenu. Sikuuliza."

Gaik Hoon alipitisha kidole kwenye mstari ule.

"Nimewaona pia wanaokuja kwa mlango wa nyuma. Huyu Swee Lan alikuwa anakuja na mtungi wa achari, anatoka nao."

"Niliwaapia," alisema Gaik Hoon. "Kila mmoja. Nikisema nimewapa nani, nimewavua nguo hadharani."

"Na mimi je? Mimi mnanivalisha nini?"

Gaik Hoon aliniambia hakuwahi kusikia swali gumu kama hilo maishani mwake, akafanya jambo la kipumbavu: alimsogezea Heather bakuli la mchuzi. Heather aliusukuma nyuma.

"Ulisema hujui, Mama. Ulinitazama nimelowa na mtoto anatetemeka, ukasema hujui."

"Nilisema."

"Basi kula wewe."

Siku mbili hawakusemezana. Wanawake wawili katika jiko moja, mmoja akikata vitunguu, mwingine akikanda unga wa mikate myekundu ya sikukuu, na Teng Siang anapita na ufunguo wake shingoni, akiwatazama kwa zamu. Maana sasa alianza kumshuku na mkewe. Aliona haulizi, halalamiki, hamtetei mtu wala hamlaumu mtu, na alimjua kwa miaka arobaini. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini kumuuliza aliogopa. Akimuuliza na akajibu, je, atamfanya nini? Mkwe unaweza kumchukia. Mke wa miaka arobaini unampeleka wapi?

&nbsp;

Sikukuu ikafika. Tulifunika meza kwa kitambaa cha njano, tukapanga tambi ndefu, machungwa, nguruwe wa kuchoma, mikate myekundu yenye umbo la kobe. Bwana Pickering alikuja kuhesabu mishumaa yetu ya betri, akaondoka ameridhika. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Fitina huwatoa watu nyumbani kuliko ibada, nasi si malaika.

Bwana Yeap aliyatoa majivu ya kuni, akaacha yale machache ya udi, akavaa joho, akashika vile vibao viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga, kila kimoja kina tumbo bapa na mgongo wa mviringo. Ukivitupa, kimoja kikilala tumbo juu na kingine mgongo juu, mungu amesema ndiyo. Migongo yote juu, amekataa. Matumbo yote juu, anacheka. Watoto wetu hujua haya kabla ya kujua kuhesabu.

"Kabla sijauliza," alisema kasisi, "kama kuna mwenye la kusema aliseme mwenyewe. Bwana humpunguzia anayejisema."

Bi Swee Lan alikohoa akimtazama Heather. Wengine tukafuata mkumbo, tukamtazama. Mimi nilimtazama, sijitoi.

Heather alimkabidhi Gaik Hoon mtoto. Akaenda mpaka mbele ya meza, akapiga magoti vibaya, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda, akasema kwa lugha yetu, kwa lafudhi yake:

"Ni mimi."

Ukumbi ulivuma. "Si nilisema!" alisema Swee Lan. "Si nilisema?" Teng Siang alifumba macho. Lakini Gaik Hoon alimkodolea Heather macho. Siku ile jikoni alidhani Heather amemchukia. Na kweli alimchukia. Heather aliniambia baadaye: "Niliona wanataka mtu. Nikasema, kama ni lazima awe mtu, mimi wamekwisha nizoea hivyo. Mama wangemuua kwa macho."

"Lazima yathibitishwe," alisema Yeap. Alivizungusha vibao juu ya chetezo. "Bwana Tabibu, ni huyu mkwe wa Khoo aliyeyapoteza majivu yako?"

Vibao vikaanguka. Matumbo yote juu.

"Anacheka," alisema mtu.

Yeap alirudia swali, kwa sauti kubwa zaidi. Vikaanguka. Matumbo yote juu. Mara ya tatu kimoja kiliviringika mpaka chini ya kiti cha mzee Ong, kikasimama kwa ukingo, kikayumba, kikalala. Tumbo juu.

Mara tatu mfululizo. Sijawahi kuona, na nimepiga ngoma miaka ishirini na miwili. Ukumbi ulianza kucheka kwa woga, kicheko cha watu wasiojua anachekwa nani.

"Inuka, mwanangu," alisema Gaik Hoon. Alikuja mbele na mtoto kiunoni. Alipofika alitoa chekeche la unga kwenye mkoba wake, akaliweka mezani katikati ya machungwa. "Huyu ni mwongo. Hajagusa kitu. Chekeche ni langu, majivu ya kuni nilitia mimi. Ya Bwana nilichota mimi, kijiko kwa kijiko, mpaka shaba ikaonekana."

Teng Siang alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa. "Ya mama yangu?"

"Ya mama yako."

"Uliyapeleka wapi?" aliuliza Yeap.

"Siwezi kusema."

"Uliyauza?" alidakia Bi Swee Lan, na nadhani hofu ndiyo iliyomsukuma, maana uso wake ulikuwa mweupe. "Kuna watu London wananunua! Sema, uliuza?"

Gaik Hoon alimtazama. Angeweza kummaliza kwa neno moja, na kila mtu aliyekuwa na siri yake pale aliliona neno hilo likimkaribia. Mikono ilianza kushika mifuko.

"Siwezi kusema, Swee Lan," alisema.

Ndipo mzee Teoh, mume wa Swee Lan, akainua mkono kama mwanafunzi. Ni mtu mpole, masikio yake mazito kidogo, hupenda kuelezwa mambo mara mbili.

"Samahani," alisema. "Haya majivu, mtu akiyanywa, yanakuwaje? Yanakwaruza meno?"

Akamgeukia mkewe.

"Maana Swee Lan, ile dawa yako ya Leeds. Ya kijivu. Uliyoninywesha mwezi mzima nilipokuwa na kansa ya utumbo. Si ilikuwa inanikwaruza meno? Nikakwambia hii mizizi ina mchanga, ukaniambia nimeze nisideke?"

Nasema kweli, hata mvua niliisikia. Bi Swee Lan alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na kwa bahati kiti kilikuwapo.

Mzee Ong ndiye aliyesimama baada yake. Alifungua pochi yake, akatoa karatasi nyekundu iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. "Mke wangu hakuwahi kumaliza," alisema. "Nilishindwa kuitupa." Akaikunjua juu ya chetezo, akaigonga kwa kidole. Pakaanguka majivu kidogo, ya kujaza ukucha.

Kisha yule mwenye mtoto asiyeongea. Yake aliihifadhi nyuma ya simu. Kisha mwanamke wa mimba, ambaye yake ilikuwa ndani ya hirizi, shingoni mwa mtoto aliyezaliwa. Walikuja mmoja mmoja, hawatazamani, na kila aliyeinuka alishtuka kuona aliyemtangulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, sisi hata kifo hatukukisubiri. Mimi niliweka fimbo za ngoma chini. Yangu ilikuwa ndani ya ngoma, nimeibandika kwa gundi upande wa ndani, kwa ajili ya jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule na sitalisema hapa.

Gaik Hoon alisimama palepale analia waziwazi, mtoto akimfuta mashavu kwa kiganja. Majivu yaliyorudi hayakufika hata robo ya chetezo. Mengine tuliyanywa, ndio ukweli. Hekalu tulilibeba kutoka Penang, na tumelila wenyewe kijiko kwa kijiko, huku tukimtafuta mwizi.

Wa mwisho alikuwa Bi Swee Lan. Alikuja mikono mitupu. Alimshika mumewe mkono wa shati, akamburuta mpaka mbele ya meza, akamgeuza akitazame chetezo.

"Sina la kurudisha," alisema. "Yangu yote yamo ndani yake huyu. Mnaona anavyotembea." Kisha akamwinamia Gaik Hoon mpaka nywele zikamfunika uso, na mzee Teoh, asiyeelewa vizuri, naye akainama.

Yeap alitupa vibao mara moja, akiuliza kama majivu yaliyobaki bado ni ya Bwana. Kimoja tumbo, kimoja mgongo. Hakuna aliyeshangilia. Kuhusu kufuta jina la Khoo hakuna aliyekumbusha.

Mara Bwana Pickering akabisha, saa kumi kasoro tano, maskauti wako nje. Tukaanza kukunja meza. Teng Siang alikifunika chetezo kwa kitambaa chekundu, akakiinua, na badala ya kumpa mkewe kama kila siku akamnyooshea Heather. Alikuwa amekwisha uvua ule ufunguo wa shingoni, ameuweka juu ya kitambaa.

Heather alibaki na mikono mifukoni mwa koti.

"Kwanza sema, Baba."

Tulisimama, meza mikononi. Kwetu mzee hamwombi radhi mkwe, na Heather amekaa nasi miaka ya kutosha kulijua hilo. Ndiyo maana alimtaka aseme mbele yetu.

Teng Siang alitazama sakafu, akatazama dirisha, akamtazama mtoto.

"Mvua ilikuwa kubwa siku ile," alisema. "Nilikosea. Nilikosea, mwanangu."

Heather alitoa mikono mifukoni, akakipokea. Alijiandaa kwa uzito, kwa jinsi alivyowaona wengine wakikibeba kila mara. Kilikuwa chepesi, akaniambia, kama bakuli la uji ambalo mgonjwa amelimaliza.